Swali la lugha: Je, manukato huvaliwa?

Swali: Krismasi iliyopita mume wangu, dada yangu na shangazi yangu waliniletea nguo na manukato. Niliwaandikia wote watatu ujumbe mmoja wa shukrani: "Nimepokea nguo na manukato mazuri kutoka wapenzi wangu kama zawadi za Krismasi, na leo nimezivaa zote." Dada akanijibu kwamba manukato hayavaliwi, na kwamba neno "wapenzi" halikukaa vizuri. Shangazi naye akasema kuwa yeye hakuleta manukato, alileta mafuta mazuri. Naomba nielezwe ni nani aliye sahihi, na sentensi yangu ingeandikwaje.

Jibu: Dada yako amesema kweli katika jambo la kwanza, na katika la pili ana hoja inayohitaji kufafanuliwa. Shangazi hakukosea hata kidogo, ila neno lake nitalirudia mwishoni kwa sababu lina mtego wake. Kabla ya yote nikushukuru kwa kuuliza, kwani shukrani ni mahali ambapo mtu hutaka maneno yake yafike kama alivyoyakusudia, na sentensi yako fupi imegusa mambo kadhaa ambayo waandishi wengi huyapita bila kuyatazama.

Kiswahili hakitosheki kusema kwamba kitu kiko mwilini. Hutaka pia kusema kimefikaje. Tunavaa kile ambacho mwili unaingia ndani yake au ambacho chenyewe kinaushika mwili: shati, viatu, kofia, miwani, saa, pete. Hata katika mavazi yenyewe kitenzi hiki hakienei kila mahali, maana tai hufungwa, kilemba hupigwa, na mwenye mtandio hujitanda. Sasa manukato, ambayo hayana mkono wa kupitisha wala ukosi wa kukunja, yatavaliwaje? Usemi wa "kuvaa manukato" umetujia kwa njia ya tafsiri kutoka Kiingereza, lugha ambayo kitenzi kilekile kimoja hutosha kwa shati na kwa manukato. Kwetu hakitoshi, na sioni sababu ya kukilazimisha kitoshe wakati tuna vitenzi vitano au sita vinavyofanya kazi hiyo kwa usahihi zaidi.

Ukiwa na chupa ya siku hizi yenye kibonyezo juu, ukaielekeza shingoni na kubonyeza mara mbili, umejipulizia manukato, kwa kuwa yametoka kwa mfano wa pumzi. Ukiwa na kichupa kidogo cha mafuta ya kunukia, ukagusa tone kwa ncha ya kidole na kulipitisha nyuma ya sikio, umejipaka. Ukimwaga kidogo kiganjani na kurushia nguo matonetone, umenyunyiza, na hapo ndipo tunapolikuta neno "marashi", ambalo asili yake ni shina la Kiarabu lenye maana ya kunyunyiza. Chombo chenye shingo ndefu cha kunyunyizia maji ya waridi huitwa mrashi, na mvua nyepesi ya matone madogo tunaiita rasharasha. Maneno yote matatu yametoka kwenye shina hilo moja. Udi na ubani, kwa upande wao, huwekwa juu ya kaa la moto, kwa hiyo mtu hujifukiza. Na iwapo hutaki kueleza namna, bali unataka tu kusema kwamba unayo mwilini, kipo kitenzi kipana ambacho hakijawahi kuniangusha, yaani kujitia: "nimejitia manukato".

Kwa kuwa umezitaja zawadi za Krismasi, inafaa kukumbuka kwamba vitenzi hivi vimo katika Biblia ya Kiswahili, katika tafsiri ya Union ambayo wengi tumeizoea. Katika Yohana 12, Mariamu anampaka Yesu miguu kwa marhamu, yaani mafuta ya kunukia, na nyumba inajaa harufu. Katika Luka 1, Zakaria anaingia hekaluni kufukiza uvumba. Hakuna aliyevaa chochote kati ya hivyo. Aidha, katika Mathayo 2:11, mamajusi wanapofungua hazina zao, mfasiri anasema "wakamtolea tunu", kisha anazitaja: dhahabu, uvumba na manemane. Mbili kati ya tunu hizo tatu ni vitu vya kunukia, kwa hiyo manukato yamekuwa na nafasi katika simulizi la kuzaliwa kwa Bwana tangu mwanzo wake.

Neno hilo "tunu" linastahili kutazamwa, maana ni kitu cha thamani, adimu, anachopewa mtu wa kuheshimiwa. Kitenzi chake, tunukia, bado kina uzito huohuo: mhitimu hutunukiwa shahada na askari hutunukiwa nishani. Ukimwandikia dada yako "nimetunukiwa gauni", hujavunja sarufi, lakini umemvalisha dada joho la mkuu wa chuo. "Tuzo" nayo haifai, kwa sababu hutolewa kwa aliyeshinda au aliyefanya jambo, ilhali zawadi ya Krismasi haitolewi kwa kushindaniwa. "Zawadiwa" linakubalika, na wengi hulitumia, ingawa katika ujumbe wa nyumbani naliona limesimama wima kupita kiasi.

"Pokea" halina kosa, lakini ni neno la mkono zaidi kuliko la moyo: mzigo hupokewa, barua hupokewa, malipo hupokewa, na mwenye kupokea huenda hata hamjui aliyetuma. Penye upendo Kiswahili huwa na maneno ya karibu zaidi, ambayo ni kupewa, kuletewa na kununuliwa. Hili la mwisho lina jambo la ajabu kidogo katika umbo lake, nami hupenda kuwaonyesha wanafunzi. Kutendwa kwa "nunua" ni "nunuliwa", na kutendwa kwa "nunulia" pia ni "nunuliwa", hivyo kwamba "nguo imenunuliwa" na "nimenunuliwa nguo" zinatumia neno moja kwa maana mbili. Katika ya kwanza nguo ndiyo iliyouzwa. Katika ya pili mimi ndiye niliyekusudiwa, mtu alikwenda, akachagua, akalipa, na muda wote huo alikuwa akinifikiria mimi. Hakuna msikilizaji anayedhani kwamba aliyenunuliwa ni msemaji. Sentensi ya maneno mawili, "nimenunuliwa nguo", imebeba habari yote ya kupendwa bila kulitaja pendo.

Kuhusu "kutoka wapenzi wangu", kuna kosa dogo ambalo dada hakuligusa. Mbele ya jina la mahali tunasema "kutoka", lakini mbele ya mtu ni lazima "kwa" ifuate: kutoka mjini, kutoka kwa mama. Hilo halina mjadala.

Neno "wapenzi" lenyewe lina mjadala. Limeundwa kutokana na "penda" kama "mlinzi" lilivyoundwa kutokana na "linda", na kwa kanuni hiyo mpenzi angekuwa ni yule anayependa. Ndiyo maana tunasema mpenzi wa soka na mpenzi wa muziki. Hata hivyo neno hili limekuwa likibeba pia maana ya anayependwa, na mtangazaji anaposema "wapenzi wasikilizaji" hakuna anayeshtuka. Maana hubadilika pale linapofuatwa na "wangu". "Mpenzi wangu" kwa masikio ya leo ni mtu wa mapenzi, na "wapenzi wangu" kwa wingi, katika ujumbe ambao mume ni mmoja wa waliouandikiwa, inaweza kweli kuleta ukimya mezani. "Wapendwa wangu" lingekuokoa, kwa sababu limetokana na kutendwa, yaani wale wanaopendwa, na halina tafsiri nyingine. Lakini ukiniuliza ningeandika nini mimi, ningewataja mmoja mmoja. Mtu aliyetumwa shukrani ndani ya kundi hupata sehemu yake tu. Anayetajwa kwa cheo chake cha ukoo, kama vile dada au shangazi, huipata yote.

Hapo hapo jihadhari na "-a" unganifu, yaani "ya", "wa" au "la" ya kumiliki. "Zawadi ya shangazi" ni ile aliyoitoa shangazi au ile atakayopewa shangazi? Kiswahili kinaruhusu zote mbili, na muktadha usipokuwapo msomaji atakisia. Dawa yake ni kirejeshi: "zawadi aliyoniletea shangazi" haina njia mbili, wala "zawadi niliyompelekea shangazi" haina.

"Kama zawadi za Krismasi" silihesabu kuwa kosa la kufutwa kwa wino mwekundu, kwa kuwa limekwisha kuenea hata katika magazeti. Ila "kama" kwa asili yake hulinganisha, na kitu kinachofanana na zawadi si lazima kiwe zawadi. Ukigeuza mpangilio, "kama" inaondoka yenyewe: "Zawadi ya Krismasi nimepewa nguo." Unaweza pia kuandika Noeli, neno lililotujia kutoka Kifaransa na linalosikika zaidi miongoni mwa Wakatoliki, yote mawili ni ya ngeli moja, na tunasema Krismasi hii na Noeli hii. Kwa maandishi rasmi liandike Krismasi, kwa K mwanzoni na irabu mwishoni.

Tumebakiwa na "nimezivaa zote", ambapo tatizo la kitenzi limekutana na tatizo la upatanisho. Kiambishi "-zi-" kinazirejelea nguo, au zawadi, lakini manukato ni ya ngeli ya "ya-", kwa hiyo yameachwa nje ya mlango. (Kwa sababu hiyohiyo tunasema "manukato yamekwisha", si "imekwisha", na anayetaka kuhesabu huhesabu chupa: chupa mbili za manukato.) Majina mawili ya ngeli tofauti yanapounganishwa, waandishi wengine hufuata jina lililo karibu na kitenzi, "nguo na manukato yamenifurahisha", na wengine huchukua "vi-" kwa kuyahesabu yote kuwa vitu, "nguo na manukato vimenifurahisha". Njia zote mbili zinakubalika, nami huona ya pili kuwa salama zaidi. Ukitaka kuikwepa safari nzima, lifanye neno "zawadi" kuwa kichwa cha sentensi na upatanisho wote ulifuate: "zawadi mlizoniletea zimenifurahisha". Kivumishi nacho hudai haki yake, kwani "nguo na manukato mazuri" inayasifu manukato peke yake na kuziacha nguo bila sifa, jambo ambalo naamini hukulikusudia.

Hukuuliza kuhusu "nuka" na "nukia", lakini anayejipulizia manukato atasifiwa, na sifa hiyo huharibika mara nyingi. "Kunukia" ni kutoa harufu nzuri. "Kunuka" leo ni kutoa harufu mbaya. "Kunusa" ni kuvuta harufu kwa pua. Na "harufu" yenyewe haiegemei upande wowote. Katika Injili ya Yohana, Martha anasema juu ya ndugu yake Lazaro aliyekaa kaburini siku nne kwamba "ananuka sasa", na sura moja tu baadaye, katika nyumba iliyokuwa kijijini hapohapo, dada yake Mariamu anampaka Yesu marhamu. Umbali kati ya nuka na nukia ni umbali kati ya kaburi lile na nyumba ile. Anayekuambia "unanuka vizuri" amekusudia wema, lakini amechagua neno la kaburini na kujaribu kulisafisha kwa kielezi. Mwambie kwa upole kwamba "unanukia" inatosha, na "vizuri" haihitajiki kwa kuwa imo ndani ya kitenzi chenyewe.

Ujumbe wako, basi, ningeuandika hivi: "Mume wangu, dada na shangazi, nawashukuru kwa zawadi za Krismasi mlizoniletea. Gauni nimelivaa leo, na manukato nimejipulizia. Kila ninayepishana naye ananiambia nanukia." Nimeweka gauni kwa mfano tu, nawe utaitaja nguo uliyopewa kwa jina lake, iwe sketi, blauzi au kanga, kwani jina kamili la kitu huonyesha kwamba mpokeaji amekitazama.

Sasa mafuta mazuri ya shangazi. Kwa wazungumzaji wengi wa mwambao hilo ni jina la kitu, si jina na sifa: mafuta mazuri ni mafuta ya kunukia, hata kama harufu yake haikukupendeza. Mtego uko hapo, kwa sababu ukimwandikia "mafuta yako ni mazuri" umemweleza tu kwamba ni ya kunukia, jambo analolijua tangu alipoyachagua, na bado hujayasifu. Mwandikie kwamba umejipaka mafuta mazuri aliyokuletea, na kwamba hadi jioni mtandio wako ulikuwa bado unanukia.