"Mustn't" si "si lazima"

Swali: Mwalimu, mimi ni mwongozaji msaidizi wa wapanda mlima hapa Moshi. Katika lango la Machame nilimwambia mgeni, "You mustn't carry the big bag", nikikusudia kwamba si lazima alibebe kwa kuwa yupo mgumu, yaani mpagazi, wa kulibeba, naye akaniuliza kwa mshangao ni nani aliyemkataza. Je, "should" ingefaa zaidi?

Jibu: "Should" isingekuokoa, kwa sababu "You shouldn't carry it" ni ushauri wa kuliacha begi, nawe hukuwa unamshauri. Ulichokitaka ni "You don't have to carry it". Kosa hili nakutana nalo kila mara katika madaftari ya waongozaji ninaowafundisha, na chanzo chake ni zile karatasi za kudurufu zenye safu mbili: "must" ni lazima, "should" ni inapasa, "may" ni huenda. Mwanafunzi akishazikariri hukanusha kwa hesabu ya Kiswahili, kwamba ikiwa lazima ni "must", basi si lazima ni "mustn't". Kumbe katika Kiswahili "si" hutangulia na kuufuta ulazima wenyewe, ilhali katika "must not" ulazima unabaki palepale na kinachokanushwa ni tendo linalofuata: lazima usibebe, yaani marufuku. Anayewaambia wageni siku ya mwisho "You mustn't tip the porters" amewanyima wagumu bahshishi yao kwa kinywa chake mwenyewe.

Kinachonitia hofu zaidi ni kosa la kinyume chake. Mgeni anatapika, kichwa kinamgonga, na mwongozaji, akidhani anatumia lugha ya adabu, anasema "You don't have to go higher". Mtu aliyelipia safari ya kufika kilele cha Uhuru atasikia kwamba ameachiwa hiari, naye atachagua kupanda. Hapo panatakiwa "You must not go higher", bila kulainisha.

Wanaotangaza kwamba watakufundisha Kiingereza cha utalii kwa wiki mbili hawafiki huku, wala hawakwambii kwamba "must" haina umbo lake la wakati uliopita. Ukiandika katika ripoti "He must have gone down", ofisi itaelewa kwamba unakisia tu, na wataanza kuulizana mgeni yuko wapi. Ikiwa hali ilimlazimu kushuka nawe ulimwona akishuka, andika "He had to go down".