Usimalizie malipo ya upanga kabla hujauona msuka

Mkuu mleta uzi, usimtumie fundi hiyo hela ya kumalizia. Salamu tutapeana baadaye.

Umeuliza mambo manne: upanga wa kufuliwa kwa mkono hapa Dar unatoka kwa bei gani, ala itengenezwe kwa mbao ipi, ngozi yake ishonewe wapi, na utausafirisha vipi kwa basi mpaka Tanga kwa ajili ya harusi ya kaka yako. Lakini katikati ya maelezo umepitisha sentensi moja kama kitu kidogo tu: bapa limekamilika, fundi amekutumia picha linang'aa, na kesho asubuhi anafunga mpini ukishammalizia malipo. Nimeisoma hiyo sentensi mara tatu, nywele zimenisimama. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa hapohapo ulipo wewe, na picha ya namna hiyohiyo kwenye simu.

Mpini usifungwe mpaka umeuona msuka kwa macho yako. Hata kama harusi ni Ijumaa, hata kama fundi amenuna.

Kwa asiyeujua, msuka ni ule ulimi wa chuma unaotoka kwenye bapa na kuingia ndani ya mpini. Kisu cha jikoni kinao, jembe la kizamani lilikuwa nao. Ukishafungiwa ndani ya mti huuoni tena, na ndiyo sababu fundi mwongo anaufanya anavyotaka. Bapa utalipiga picha, makali utayajaribu kwenye karatasi, ala utaipapasa. Msuka unabaki kuambiwa tu.

Mdogo wangu alikuwa anaoa, shughuli iko Magomeni. Kwetu bwana harusi anavaa kanzu, joho na kilemba, na anashika upanga. Ule wa babu uliuzwa zamani wakati wa shida, basi mimi kama kaka mkubwa nikasema nitatengenezesha mpya, ubaki kuwa wa ukoo. Jamaa mmoja anayejitambulisha kama dalali wa vitu vya asili akanipeleka karakana fulani inayotengeneza mageti na grili. Niliona mageti, niliona grili. Mvukuto wa kupulizia moto sikuuona, fuawe ya kufulia chuma sikuiona, mkaa sikuuona. Dalali akanishika bega: "Kaka, huyu anatumia springi ya lori. Springi haivunjiki hata uipitishie trela." Nikatoa 250,000 za kuanzia.

Wiki mbili baadaye ikaja picha. Bapa sentimita 70, linang'aa kama kioo, mpini wa mpingo, kinga ya mkono ya shaba, na nyuma kabisa kwenye kitako cha mpini kuna nati imekazwa. Nikampigia fundi, namkumbuka neno kwa neno. Nikamuuliza, "Msuka umefika wapi?" Akasema, "Umepita mpaka nyuma, kaka. Si unaiona nati?" Niliiona. Nikatuma 200,000 zilizobaki kwa simu palepale, jumla 450,000.

Ile nati ndiyo iliyoniponza, na nakuomba uisome sehemu hii polepole kwa sababu kwenye picha uliyoweka hapa fundi wako ameweka nati ya namna hiyo pembeni, tayari kwa kesho. Nati inakuambia kuna kitu cha chuma kinachotokea nyuma ya mpini. Haikuambii kama kitu hicho na bapa ni chuma kimoja.

Siku ya harusi, baada ya ndoa kufungwa, watu wamekaa chini ya turubai wanakula. Mjomba wetu kutoka Unguja, mzee aliyecheza hanzua, ile ngoma ya panga, ujanani, akaomba auone. Akauchomoa kwa adabu, akauzungusha mara mbili taratibu. Mara ya tatu akakata hewa na kuukaza mkono ghafla, kama wachezaji wanavyofanya. Nikasikia "tak", kama kijiti kikavu. Mkononi mwa mjomba ukabaki mpini na kinga yake. Bapa zima, karibu kilo moja ya chuma chenye makali, likaruka likizunguka juu ya vichwa vya watu, likachana turubai, likaangukia mkekani hatua moja kutoka kwa mtoto wa dada yangu wa miaka minne, aliyekuwa anakula biriani.

Dada hakupiga kelele. Alimnyanyua mwanawe, akamgeuza huku na huku akitafuta damu, akamkumbatia, kisha akaniangalia mimi. Mjomba alikaa chini, mpini bado mkononi, akarudia "nisamehe mwanangu, nisamehe" wakati kosa halikuwa lake hata chembe. Mzee yule hajashika upanga tena tangu siku hiyo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Usiku nikaupasua ule mpini kwa nyundo. Ndani hamkuwa na msuka. Kulikuwa na kipande cha nondo ya milimita 8, ya zege, bado ina vile vipele vyake, ncha moja imekatwa uzi wa kuvalia nati, ncha nyingine imechomelewa kwenye bega la bapa, yaani pale bapa linapoishia upande wa mpini. Nikausogeza mvunjiko karibu na taa. Pembezoni kulikuwa na pete ya chuma cheupe, nyembamba kama ganda la chungwa. Hapo ndipo mchomeleo ulipokuwa umeshika. Katikati palikuwa peusi, pana kutu ambayo haikuanza siku ile: nondo na bapa havikuwahi kugusana. Na upande wa bapa, kando tu ya mchomeleo, chuma kilikuwa na chembechembe kubwa za kijivu kama sukari. Juu ya yote hayo alikuwa amepitisha puti ya gari, akapiga msasa, akafunika na mpingo.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini. Springi nyingi za magari zina kaboni karibu asilimia 0.6, nondo ina kaboni kidogo zaidi na ni laini. Kaboni hiyo ndiyo inayoifanya springi ikubali kukomaa na kushika makali, na hiyohiyo ndiyo inayoifanya isipende kuchomelewa kienyeji. Ukiipiga moto sehemu moja, chuma baridi cha pembeni kinaunyonya ule moto upesi sana, na sehemu iliyochomwa inakuwa ngumu na kavu kama chupa. Halafu upanga ukisimamishwa ghafla, nguvu yote ya bapa inakusanyika begani, palepale palipochomelewa. Kwa hiyo dalali hakusema uongo mtupu. Springi haikuvunjika. Kilichovunjika ni kiungo, na kiungo hakukitaja.

Nina hasira na huyo dalali mpaka leo. Nilimpelekea vipande viwili kwenye mfuko, akavitazama, akaniambia: "Lakini kaka, wewe ulitaka wa harusi, hukusema utatumika." Mtu amekula kamisheni yake, mtoto amekoswa na chuma hatua moja, yeye ananifundisha matumizi. Fundi naye akasema kila mtu anafanya hivyo. Na naona hapo juu kuna mchangiaji amekwambia maneno yaleyale, kwamba upanga wa harusi ni pambo, msuka si hoja. Ndugu, pambo huning'inizwa ukutani na linabaki huko. Harusini kuna wazee watakaouomba, kuna vijana watakaouchomoa wapigwe picha, kuna watoto chini ya meza. Huwezi kumpa kaka yako kitu cha kushika kisha umwambie asikishike.

Sasa cha kufanya kesho. Nenda mwenyewe kabla mpini haujafungwa. Bapa na msuka viwe kipande kimoja tangu mwanzo, msuka umefuliwa au umekatwa kutoka kwenye chuma kilekile. Pale begani, msuka uwe mpana, angalau nusu ya upana wa bapa, ndipo upungue kidogo kidogo kuelekea nyuma. Tazama zile kona mbili ambapo bapa linaishia na msuka unaanza: ziwe zimeviringwa. Kona iliyokatwa kali kama herufi L ndipo ufa unapoanzia, hata kwenye chuma kizuri. Na urefu wake upite mpaka mwisho wa mpini, ukafungwe huko nyuma, au ubanwe kwa riveti mbili tatu zinazopenya mti na chuma pamoja.

Ukikuta pamepakwa rangi, puti au chochote begani, usikubali maelezo. Beba ndimu na kipande cha msasa. Sugua pale bega linapokutana na msuka, pande zote mbili, mpaka chuma kiwe cheupe na safi, futa mafuta yote, kamulia ndimu, kaa robo saa. Usimwache fundi aifute mapema. Asidi ya ndimu inakitia chuma rangi ya kijivu, na vyuma viwili tofauti haviivi sawasawa. Kama kuna mchomeleo utauona mstari au ukanda wa rangi nyingine umekatiza. Kama ni chuma kimoja, rangi itapita laini kutoka kwenye bapa kwenda kwenye msuka. Nilijaribu kwenye kile kipande changu kilichovunjika, ukanda ukatokea mpana kama kidole. Ndimu moja, mkuu. Ningekuwa na ndimu moja siku ile.

Ukiwa hapohapo pitisha tupa mpya kwenye makali, taratibu. Ikiteleza bila kung'ata, chuma kimekomazwa. Iking'ata kama inakula bati, hicho hakijawahi kuzimishwa, yaani kutumbukizwa kikiwa chekundu ili kikomae, ni bapa la maonyesho. Muulize pia alizimisha kwenye nini na kama alirudisha moto baada ya hapo. Springi huzimishwa kwenye mafuta, maji mara nyingi yanaipasua. Ikishazimishwa inakuwa kavu mno, lazima ipashwe tena kwa moto mdogo, nyuzi 200 na kitu, ndipo ipate uvumilivu. Fundi anayefua kweli atakuelezea haya kwa furaha, wala hutamaliza kumsikiliza. Wa mageti atakuuliza kwa nini una maswali mengi.

Upanga wa pili nilikwenda kuutengenezesha mtaa wa Gerezani, hapahapa Dar, kwa mzee anayefua springi kwa mkaa. Nilikaa juu ya kopo la rangi siku mbili. Alikuwa na sumaku imefungwa kwenye waya. Chuma kikiwa chekundu anakigusa, sumaku ikiacha kushika ndipo anajua joto limefika. Hiyo ni karibu nyuzi 770, chuma chochote cha namna hiyo kinaachia sumaku hapo, huhitaji kipimo cha kununua. Alipomaliza, kabla sijasema neno, alinigeuzia msuka mwenyewe. "Tazama huku kwanza," akasema, "huko mbele kila mtu anajua kung'arisha." Niliupiga picha pande zote nne, tarehe nikaiandika. Picha hiyo nimeitunza pamoja na upanga, ili mwanangu akiurithi ajue kilichomo ndani ya mti.

Kuhusu ala: subiri upanga ukamilike kabisa, mpini na vyote, ndipo umpelekee fundi mbao upanga wenyewe, si vipimo kwenye karatasi. Ala huchongwa kufuata bapa. Mafundi samani wa Keko wana vipande vya mninga vilivyobaki kwenye vitanda, na mninga ukiwa mkavu hautishiki na unyevu, haupindi ovyo. Mbao mbichi itatoa maji ndani kwa ndani na kuutia kutu upanga wako. Mpingo ni mzuri kwa mpini, kwa ala nzima ni mzito mno, ule mti hata majini unazama. Ngozi ivalishwe nje ya mbao tu, isiguse chuma, maana inashika unyevu, na kwa hewa ya chumvi ya huku kwetu wiki mbili zinatosha kuona madoa. Paka bapa mafuta ya mgando kila ukiuchomoa, alama za vidole zinakula chuma.

Turudi kwa fundi wako. Saa hizi ni saa tatu usiku, bado hajalala. Mpigie sasa hivi, mwambie kwa heshima kwamba kesho asifunge kitu mpaka ufike, na hela utaishika mkononi hukohuko. Akikubali, nenda na ndimu yako. Akianza habari za gundi kukauka, au za kukutumia video, au za kwamba mpini ameshaufunga leo jioni, mwambie aufungue mbele yako, na kama atadai gharama ya mbao mpya, ilipe. Picha ya bega na msuka iweke hapa kabla hujatoka karakana. Kesho niko kazini mpaka saa kumi, lakini simu iko mezani, nitaitazama.