Patografu Niliyoichora

Wadogo zangu wakunga mnaoanza kazi leba, wodi ya kujifungulia, nianze na kosa langu. Mwaka wangu wa pili kazini nilijaza patografu nzima, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa mama na hali ya mtoto saa kwa saa, kwa dakika kumi, mtoto akiwa ameshazaliwa na kuviringishwa kwenye khanga. Mapigo ya moyo ya mtoto: 140, 138, 142, 140. Mazuri kama ya kuchora, na kweli nilichora.

Haukuwa uvivu. Wiki iliyotangulia mtoto alifariki zamu ya mwenzetu, akaandikiwa barua ya kujieleza. Kwenye kikao cha kujadili kifo hicho swali la kwanza likawa patografu iko wapi. Hakuna aliyeuliza wakunga walikuwa wangapi. (Wawili, kwa akina mama kumi na mmoja.) Tangu hapo wodi nzima tukawa tunakiandikia kikao.

Hofu hiyo haiishii kwenye karatasi, inashuka mikononi. Utajikuta unampima mama njia, yaani mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani, kila saa, wakati kila baada ya saa 4 inatosha kama hakuna tatizo. Ukiona mstari wa tahadhari, ule wa patografu unaoonyesha uchungu unakwenda polepole, unakaribia, unakimbilia dripu ya oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu. Sisi tulikaririshwa kwamba njia ifunguke sentimita 1 kwa saa. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa chini ya hapo, peke yake, si sababu ya kuingilia kati ikiwa mama na mtoto wako salama, na uchungu uliokolea unahesabiwa kuanzia sentimita 5, si 4. Lakini wapo wakubwa wanaokagua kwa kanuni ya zamani, nawe unaogopa kukaguliwa. Dripu ikizidi, uchungu unafuatana bila kupumzika na mtoto anakosa hewa. Mama mwenye kovu la upasuaji anaweza hata kupasuka mji wa mimba.

Na mdomo pia. "Unataka kuua mtoto wako?" Nimewahi kumwambia hivyo mama anayesukuma. Aliyekuwa anaogopa ni mimi.

Siku hizi naandika pale pale. Kisanduku kilichonipita nakiacha wazi, pembeni naandika: sikupima, nilikuwa kwa mama anayevuja damu. Daktari namwandikia saa niliyompigia na saa aliyofika. 8:20 usiku hakupokea, 8:35 nimepiga tena. Nikitilia shaka mapigo ya mtoto namwita mwenzangu asikilize naye, hata kama ni mwanafunzi.

Hofu yote si ya kutupa, jamani. Usiku mmoja mama aliyejifungua salama alikuwa kimya mno, wenzangu wakasema amechoka. Roho ikanikataa. Nikarudi, nikafunua khanga: imelowa damu mpaka godoro. Tulimuwahi.

Mara ya kwanza nilipoacha visanduku wazi, mkuu wa wodi alinifokea mbele ya wanafunzi. Kisha akayasoma tena yale maandishi ya pembeni, akauliza zamu ile tulikuwa wangapi.