Shanga za karatasi si ubahili

Dada, umeuliza mawili: kama Valentine, Februari 14, ni ya wapagani, na kama zawadi ya mkufu wa shanga za karatasi itaonekana ubahili.

Warumi wa kale walikuwa na sikukuu ya Lupercalia, Februari 15. Walichinja mbuzi, vijana wakakimbia wakiwachapa wanawake kwa vipande vya ngozi ili wapate uzazi (mahaba gani hayo!). Ila hakuna ushahidi thabiti kwamba ndiyo iliyozaa Februari 14. Mtakatifu Valentino mwenyewe habari zake ni haba, hata Kanisa Katoliki likamwondoa kwenye kalenda yake kuu mwaka 1969. Mapenzi yalihusishwa na siku hiyo huko Uingereza karne ya 14, washairi walipoandika kwamba siku hiyo ndege huchagua wenza. Mwaka 1477 Mwingereza Margery Brews alimwandikia mchumba wake akimwita Valentine wake. Barua tu, bila waridi.

Kwa hiyo tengeneza huo mkufu. Kata kalenda ya zamani vipande vya pembetatu, virefu na vyembamba. Vingirisha kwenye sindano ya magunia ukianzia upande mpana, ncha uitie gundi, kisha upake vanishi na uanike. Usiharakishe! Mimi mwaka jana, huku Kampala mvua ilinitibulia, vanishi haikukauka, mkufu ukamganda mke wangu kwenye gauni la kanisani. Alinuna mpaka Jumanne. Lakini waridi nililomnunulia mwaka wa kabla halikumbuki, na ule mkufu bado anauvaa.