Raha ya riwaya ambayo mwisho wake unaujua

Ndugu uliyeuliza, nimeusoma ujumbe wako mara mbili kabla ya kushika kalamu. Unasema mwaka huu umeanza riwaya nne za upelelezi na hukumaliza hata moja, kwa sababu kila mara anatokea mtu aliyekutangulia akakutajia muuaji. Za ujasusi unaziona hazina mvuto, kwa kuwa shujaa hana budi kupona ili kitabu kinachofuata kiandikwe, na za kihistoria unaziacha kwa hoja kwamba tulishafundishwa shuleni nani alishinda na nani alikufa. Unauliza, basi, raha iko wapi ikiwa mwisho unajulikana. Nitakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe, maana niliwahi kukaa karibu miaka miwili na riwaya isiyokuwa na mwisho kabisa, na kusoma nilijifunzia humo.

Nilifanya kazi ya mapokezi, zamu ya usiku, katika gesti moja pale Makambako. Anayeujua mji ule anajua kwamba ni njia panda: barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inaachana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo inapita hapo hapo. Wageni hufika saa yoyote, hulala kwa saa nne au tano tu, huondoka gizani na kusahau vitu. Chini ya meza yangu palikuwa na boksi la vilivyosahauliwa, lenye chaja, kandambili za mguu mmoja, miwani na vitabu. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya kule haikuruhusu mtu kusinzia hata akitaka, kwa hiyo nilisoma kila kilichoingia katika boksi lile, kuanzia mafunzo ya ufugaji wa nguruwe hadi riwaya.

Riwaya ninayoizungumzia sitaitaja jina, kwa sababu hujaisoma na sitaki kuwa mtu wa tano kukuharibia. Niliifikisha usiku wa tatu, mpelelezi amewakusanya watu wote sebuleni, taa imewashwa, mlango umefungwa, anaanza kueleza nani aliyeingia chumba cha marehemu, na sentensi inafika kwenye neno "ila", ukurasa unakwisha. Nikafunua. Baada ya ukurasa ule palikuwa na jalada la nyuma. Nilitoka nje na kumkuta mlinzi wetu, mzee wa Kibena mwenye heshima zake, akiota moto wa jiko la mkaa, na nilipomsalimu "Kamwene" na kumwonyesha kitabu aliitikia kwa utulivu, akaniambia kwamba karatasi zile alizikuta zimelegea zenyewe na mkaa ulikuwa umelowa. Sikuwa na la kumwambia mtu wa umri wa baba yangu.

Nilichofanya ni kuchukua kaunta buku la zamani la gesti, nikaanza kuandika makisio. Niliwaorodhesha watu wote waliomo katika kisa, nikaandika kila mmoja alisema alikuwa wapi saa ya tukio, nani alimwona, na ana sababu gani ya kusema uongo. Kazi hiyo ilinilazimisha kukirudia kitabu tangu mwanzo, na niliporudia niliona kwamba mara ya kwanza sikuwa nimekisoma. Nilikuwa nimekikimbia tu ili nifike sebuleni. Nikabaki na washukiwa watatu. Kwa miezi mingi niliwabadilisha nafasi kadiri nilivyokumbuka jambo jipya, na nakiri kwamba ilifika mahali nikawa nawawaza wakati nahesabu mashuka.

Nakala nzima niliipata baadaye sana, mjini Iringa, kwa muuza vitabu vya mtumba aliyetandaza turubai karibu na stendi, kwa shilingi elfu moja na mia tano. Ungenikuta pale ungedhani nitafungua nyuma hapo hapo. Sikufungua. Nilirudi nayo Makambako nikaianza ukurasa wa kwanza, na nilipofika mwisho nilikuta kwamba washukiwa wangu watatu wote hawahusiki. Muuaji alikuwa mtu ambaye hata katika kaunta buku sikumwandika, kwa kuwa nilimhesabu kama sehemu ya nyumba, mithili ya kiti. Nikaisoma mara ya nne, sasa nikimjua, na hiyo ya nne ndiyo iliyonipa raha kuliko zote. Katika sura ya pili kuna mahali mtu huyo anaipokea chemli mezani, anaiweka chini haraka na kupuliza vidole. Mwandishi anaendelea na mazungumzo mengine kama kwamba hakuna lililotokea. Lakini mtu huyo huyo amekwisha kusema kwamba nyumba ilikuwa gizani tangu magharibi. Basi kioo cha taa kilipata wapi moto? Nilikuwa nimeupita mstari ule mara tatu bila kuuona. Kuona namna fundi alivyoificha sindano katikati ya mkeka, mchana kweupe, ni raha ambayo msomaji asiyejua mwisho hawezi kuipata.

Kwa hiyo mtu akikutajia muuaji, amekunyima jambo moja na kukupa jingine. Fungua tena, umtazame muuaji wako kila anapoingia chumbani. Sikiliza anavyosalimia.

Niongeze hapa kwamba ustadi huo hauhamishiki kirahisi katika maisha. Wakati nimekolea riwaya hizo nilianza kuwasoma wageni. Usiku mmoja alikuja bwana aliyejiandika katika kitabu cha wageni kuwa ni mwalimu, atokako Mafinga, aendako Ludewa, na kola ya koti lake ilikuwa na unga wa mbao. Nikajiambia kwamba huyu si mwalimu, ni mtu wa misitu, na anayeficha kazi yake ana sababu. Sikulala, nilikuwa naangalia mlango wake. Saa kumi na moja alfajiri akaja kuniomba nimsaidie kufunga kamba: alikuwa amekwenda Mafinga kuchukua madawati ya shule yake, nayo yalikuwa juu ya lori nje, na baadhi alikuwa ameyapiga randa kwa mkono wake. Katika riwaya unga wa mbao huwa na maana moja kwa sababu mwandishi amekwisha kuziondoa nyingine zote. Nje ya riwaya hakuna aliyetufagilia.

Ukitaka kuuona ufagiaji huo ukifanywa kwa Kiswahili kitamu, anza na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye *Mzimu wa Watu wa Kale* yake ilitoka mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ni mtu wa kiko na maswali ya pembeni, na rafiki yake Najum hufuatana naye akiona yale yale anayoyaona bila kuyaelewa. Ni mpangilio ambao Arthur Conan Doyle aliutumia kwa Sherlock Holmes na Daktari Watson, na sababu yake ni rahisi: msomaji anahitaji mtu wa kupotea naye. Lugha ni ya pwani, na mtu wa huku bara atakwama hapa na pale, nami nilikwama. Usikimbilie kamusi kila mara, kwa kuwa huyo mzee hutaniana na maneno na ukimkatisha utani unapoa.

Sasa ujasusi. Umesema shujaa hafi, na ni kweli. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu *Kufa na Kupona* ya mwaka 1974, hafi. Lakini swali la riwaya ya ujasusi mimi naliona liko kwingine: nani miongoni mwa wanaoaminika amewauza wenzake. Na hapo jiografia yetu inaipa hadithi uzito ambao msomaji wa London hawezi kuupata kwa urahisi. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, aliuawa jijini humo kwa kifurushi chenye kitabu kilichotegwa bomu. Mtu alifungua kitabu akafa. Na barabara hii iliyopita mbele ya gesti yetu, baada ya Ian Smith kutangaza uhuru wake wa upande mmoja kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, tarehe 11 Novemba 1965 na njia ya kusini kuzibika, ndiyo iliyobeba mafuta ya Zambia kwa malori, mapipa juu ya mapipa, kabla ya bomba la mafuta la TAZAMA kuanza kazi mwaka 1968 na reli kujengwa kati ya 1970 na 1975. Madereva waliita safari ile njia ya jehanamu. Nilipokuwa nasoma kisa cha nyaraka zilizoibwa na wapigania uhuru waliosalitiwa, huku nasikia tela la Tunduma likishusha gia nje, sikuwa na haja ya kujiuliza kama Gamba atapona. Nilijiuliza ni nani aliyekuwa analala katika vyumba vya njia hii miaka ile, na walijiandika majina gani.

Lalamiko langu la kikazi niliseme hapa, ingawa si hoja: waandishi wa ujasusi hawatutendei haki watu wa mapokezi. Ama tunahongwa, ama tunakutwa tumekufa nyuma ya kaunta kabla kitabu hakijafika katikati. Na shujaa hajazi kitabu cha wageni, halipi kabla ya kulala, wala haulizi kama maji ya moto yapo. Makambako mwezi wa Julai, jasusi asiyeuliza maji ya moto angeshukiwa na kila mtu.

Za kihistoria ndizo zilizo karibu zaidi na swali lako, na ndizo nilizochelewa kuzipenda. Chukua habari za Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Kila mtoto wa Iringa anajua kwamba tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikivamia kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski pale Lugalo na Zelewski akauawa. Kwamba ngome ya Kalenga ilianguka mwishoni mwa Oktoba 1894 mbele ya jeshi la Wajerumani. Na kwamba Mkwawa aliendelea kuwindwa karibu miaka minne hadi alipojipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Kisa hicho hakina mahali pa kuficha mwisho. Profesa Mulokozi alikiandikia tamthilia, kisha akaandika *Ngome ya Mianzi* kwa ajili ya vijana, akijua fika kwamba msomaji wake anajua ngome itaanguka. Na kwa kuwa unajua, kila ukurasa ambao mtu anacheka unakuuma. Unamwona kijana anakarabati ukuta, unataka umwambie akimbie, na hawezi kukusikia. Mashaka ya aina hiyo hayamo katika riwaya ambayo mwisho wake umefichwa.

Tena historia yenyewe ina upelelezi ndani yake. Kichwa cha Mkwawa kilichukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita, na ikapita zaidi ya miaka thelathini. Hatimaye Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda Ujerumani mwenyewe, katika makumbusho ya Bremen, na kukuta si fuvu moja bali mkusanyiko wa mafuvu. Yalichambuliwa kwa vipimo, vikalinganishwa na vichwa vya jamaa wa Mkwawa walio hai, na likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Alilirudisha Kalenga tarehe 19 Juni 1954 na kumkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge. Nimesimama mbele ya fuvu lile katika makumbusho ya Kalenga nikiwa na kaunta buku langu mkononi, na yule kijana mwelekezaji akaniuliza kama mimi ni mwandishi wa habari. Nilikuwa nimeandika: nani alipima, kwa kifaa gani, na je, alitaka kupata jibu gani?

Basi ukiniuliza pa kuanzia, anza na riwaya ambayo tayari umeharibiwa, mojawapo ya zile nne, na daftari pembeni. Ukishamaliza chukua ya Bwana Msa ambayo hakuna aliyekutajia chochote, na usikie tofauti.

Ile nakala yangu isiyo na mwisho haikutupwa. Kurasa zilizokosekana nilizinakili kwa mkono kutoka katika nakala ya Iringa, usiku nane, nikazishona kwa uzi wa magunia na kuirudisha gesti kabla sijaacha kazi. Mwaka jana nilipita pale nikaikuta bado chini ya meza, imechakaa zaidi. Mgeni mmoja mwenye roho mbaya ameandika jina la muuaji kwa penseli katika ukurasa wa kwanza kabisa. Nilimwonyesha binti aliye mapokezi sasa, nikatafuta raba nilifute. Akaniambia niache, yeye alilisoma jina hilo kabla ya yote, na amefika sura ya saba na bado haamini.