Barua kwa mwanangu: Ufunguo wa geti

Mwanangu,

Mbukwa. Sisi wazima. Goti la mama yako linamsumbua asubuhi, likishapata jua linanyamaza. Ujumbe wako uliingia tangu Jumanne na najua umeona zile tiki za buluu ukadhani nimekupuuza. Sikukupuuza. Swali la namna ile mimi siwezi kulijibu kwa kidole gumba. Nimeandika kwenye karatasi, binti wa kaka yako akija atapiga picha akutumie.

Unasema hapo kwenye nyumba yenu ya kulelea wazee (neno hilo "kulelea" silipendi, lakini si kosa lako) mliwauliza wazee wataje mambo waliyoyashukuru mwaka ule wa korona, walipofungiwa ndani. Mmoja akataja ndege, kwamba magari yalipopungua barabarani ndipo alipowasikia vizuri. Mwingine akataja jua la Aprili, mwingine sauti ya mjukuu kwenye simu, mwingine ninyi wahudumu mliohamia humohumo na magodoro yenu ili msiwaletee ugonjwa kutoka nje. Ndipo ukaniuliza na mimi: baba, ninyi mlipofungiwa mlishukuru nini?

Mama yako alijibu palepale, hata chai haijapoa. Mvua, akasema, na uhai. Mimi nikasema ngoja kwanza.

Ngoja kwanza kwa sababu sisi hatukufungiwa. Mliofungiwa ni ninyi huko Uingereza, tarehe 23 Machi 2020, waziri mkuu wenu wa wakati huo, Boris Johnson, alipowaambia kwenye televisheni mkae majumbani. Huku mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi, kesho yake Waziri Mkuu Majaliwa akafunga shule, lakini nchi haikufungwa. Rais Magufuli alikataa, na alilisema hilo la ibada kuendelea hapahapa Dodoma, kanisani. Sherehe za Muungano zikaahirishwa, shilingi milioni 500 zake zikapelekwa kwenye kupambana na ugonjwa. Basi. Soko la Majengo lilikuwa na watu wake kama kawaida, ila mlangoni kuna ndoo ya maji ya kunawa na kijana wa kukukaripia ukipita bila kunawa. Limau likapanda bei, tangawizi ikapanda bei. Mama yako akawa ananiinamisha kwenye sufuria la mwarobaini na mkaratusi, blanketi juu, ananifukiza kama perege wa Mtera, nikitoka humo sijui kama nimepona au nimeiva.

Kwa hiyo swali la haki lingekuwa: baba, ni nani aliyekufungia wewe? Na hilo jibu lake unalo.

Kaka yako aliwapandisha wanawe watatu basi pale Ubungo wiki ileile shule zilipofungwa. Sasa hivi wangepanda hii treni ya umeme wangefika kabla maandazi hayajapoa, lakini wakati ule ilikuwa basi na vumbi na kutapika. Walifika Nkuhungu usiku, yule mdogo amelala begani kwa dada yake. Dada mtu alikuwa kidato cha pili, miaka 14, mrefu kuliko mama yako.

Unajua ninavyosema siku zote: mzee asitunzwe tu, atumwe. Nilikuwa nimestaafu reli muda mrefu, kazi yangu kukaa kwenye kiti cha plastiki nikihesabu mabodaboda. Watoto wale hawakujua kwamba mimi ni wa kukaa. Uwele wa kule Mbabala ulikuwa unakomaa, na unawajua kwelea kwelea wa Dodoma, wakishuka shambani asubuhi moja hawakubakizii hata mbegu. Yule binti akachukua daftari lake la shule akapanga zamu za kuamia ndege, na jina langu akaliandika la kwanza: BABU, DUNGUNI, SAA 12 ASUBUHI. Mimi! Niliyekuwa napangia watu zamu kwenye stesheni miaka yote ile! Nikapanda dungu na makopo yangu na kombeo, na yule mdogo chini ananipigia kelele, babu, kulia, babu, wamehamia kulia. Ukiniuliza nilishukuru nini, mwanangu, ni pale juu. Jioni wananituma chumvi dukani, nakwenda. Wananituma nikawasemee kwa bibi yao wasile mlenda siku ya nne mfululizo, nakwenda, narudi nimeshindwa. Hesabu niliwafundisha kwa ratiba ya treni ya zamani: inatoka Dodoma saa fulani, inapishana na ya mizigo Bahi, itafika Manyoni saa ngapi. Yule wa kati anaijua reli ya kati mpaka leo kuliko baba yake.

Sasa lile jingine. Nilitaka kuishia hapo dunguni. Mama yako amesema kama naandika niandike yote.

Ilipofika mwisho wa Aprili takwimu zilikoma. Hesabu ya mwisho iliyobaki kwenye kumbukumbu ni wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo kila mtu akawa anahesabu wa kwake. Wewe huko ulikuwa unahesabu wa kwenu kila zamu, nalijua hilo, ulikuwa unapiga simu sauti imekauka. Ndiyo maana ile Ijumaa usiku hukuomba kuongea na mimi. Uliomba simu apewe mtoto. Ukamwambia babu ana presha na sukari, shambani aende kwa sababu ni uwazi, lakini kanisani hapana, sokoni hapana, msibani ndiyo kabisa hapana. Asubuhi yake nikaona ufunguo wa geti umehama kutoka msumarini pa siku zote. Ulikuwa shingoni kwa mjukuu wangu, kwenye kamba ya kiatu.

Nilicheka. Wiki mbili tatu nilikuwa nacheka, nikiwahadithia majirani juu ya ukuta kwamba nina askari.

Halafu Mei akafa mwenzangu wa reli, yule wa Kigwe. Unamjua, ndiye aliyekuletea yale mabuyu siku ulipofaulu la saba. Simu ilikuja usiku, mazishi saa saba mchana. Watu wake walisema ni presha, na mimi sikuuliza zaidi. Asubuhi nikavaa koti, nikachukua fimbo, nikaenda getini. Kufuli.

Nikamwambia binti, fungua. Akasema, shangazi amekataza. Nikamwambia huyo shangazi yako mimi ndiye niliyemzaa. Akaanza kulia. Analia na ufunguo ameushika kwa mikono miwili, na hafungui. Mama yako amesimama mlangoni na kanga yake, hasemi kitu, na kunyamaza kwa mama yako tunakujua maana yake katika nyumba hii. Jirani fundi alikuwa na tindo na nyundo. Ningemwita kufuli lile lisingechukua dakika.

Nikuambie huyu mtu alikuwa nani, maana ulikuwa mdogo wakati huo na mengine hatukuwaambia. Tarehe 24 Juni 2002, ile treni ya abiria iliporudi nyuma na kugongana na ya mizigo kule Igandu, wakafa watu 281, mimi na yeye tulikuwa miongoni mwa waliokwenda. Wengine tulibeba. Yeye baada ya kubeba alitoa daftari mfukoni akaanza kuandika wale ambao hawakuwa na wa kuwatambua: kitenge cha rangi gani, viatu vya namna gani, kovu mkono upi. Hakuna aliyemwagiza. Akasema ndugu zao wakija wakute pa kuanzia. Mtu wa namna hiyo akazikwa mimi niko Nkuhungu nyuma ya kufuli, nimevaa koti.

Sikulivunja. Nimejiuliza kwa nini, na jibu ninalojipa ni la kikazi. Reli ya njia moja inakwenda kwa ruhusa. Aliyekabidhiwa zamu hafungui njia kwa sababu mkubwa amemkaripia, anafungua akipata ruhusa kutoka kwa aliyempa zamu. Nimefundisha vijana jambo hilo maisha yangu yote. Mtoto yule alikuwa kazini. Tena angalia ninavyonaswa na maneno yangu mwenyewe: nasema mtu atumwe, haya, yeye alitumwa, na kutumwa kule kulimkomaza. Ila mbona mimi siku ile sikuwa wa kutumwa? Siku ile nilikuwa wa kutunzwa. Na mwenye kunitunza alikuwa Uingereza.

Baada ya shule kufunguliwa tarehe 29 Juni na watoto kurudi Dar es Salaam, nilipanda gari kwenda Kigwe kumpa mjane mkono wa pole. Akaniambia watu walijaa, walibanana chini ya turubai, walishikana mikono yote ya kushikana. Kijana wao mkubwa, aliyekuwa akipokea wageni, aliugua wiki iliyofuata, akahema kwa shida, akapona. Nikasema moyoni, haya, mwanangu alijua anachosema. Lakini wazee wenzangu wa reli walioenda siku ile, waliorusha udongo, wote nilikutana nao baadaye wakiwa wazima, na mpaka leo wakinywa kahawa pale stesheni wanasimulia nani alisema nini kaburini, nami nasikiliza kama mgeni. Hapo hesabu yangu inagoma. Ningeugua, nisingeugua, nani anajua? Wewe ulikuwa unaona miili inatolewa kwa mlango wa nyuma, ndugu zao wanaangalia kupitia dirishani. Mtu anayeona hayo kila siku akimfungia baba yake, utamwambia nini? Lakini pia mzee wa miaka yangu, kuzika wenzake ndiyo kazi kubwa iliyobaki. Ukimnyang'anya na hiyo umemwachia nini, kiti cha plastiki?

Mama yako ananitazama akitaka nitoe hukumu. Sitoi. Kusema ulikosea siwezi, na kusema ulifanya sawa kalamu inakataa, nimejaribu hapa nikakata. Nitasema tu kwamba Rais Samia alipozindua chanjo, tarehe 28 Julai 2021, nilikwenda mwenyewe bila kutumwa na mtu, na mjane wa Kigwe nilimpitia tukachanjwa pamoja.

Binti mwenyewe yuko chuo kikuu hapa Dodoma, UDOM, sasa. Jumapili anakuja, anakula, ananituma nimtafutie karanga za kwenda nazo hosteli. Habari ya ufunguo hatujawahi kuizungumza. Na wewe usimuulize.

Turudi kwa wazee wako. Mlikuwa na yule Tom Moore, miaka 99, amejitwika kuzunguka bustani mara 100 na kigari chake cha kushikilia, akitafuta pauni elfu moja za kuwasaidia wauguzi, zikaja zaidi ya milioni 30. Mimi nilimwona kwenye taarifa ya habari nikamwambia mama yako, unaona, huyo ana kazi, huyo anasubiri kesho. Wale wako wanaotaja ndege na jua, ni vizuri, lakini umewahi kumpa hata mmoja wao viazi amenye? Najua utasema kanuni haziruhusu visu. Basi akunje taulo.

Na yule uliyeniambia alikuwa mtu wa reli, anayekaa dirishani na hasemi na wenzake, huyo mtume kwangu. Mwambie kuna stesheni masta mstaafu Dodoma anataka kujua: wao kule kwenye njia moja, kabla ya mitambo ya siku hizi, walipeanaje ruhusa ya treni kutoka stesheni moja kwenda nyingine? Sisi tulikuwa tunaandika kwenye karatasi anakabidhiwa dereva. Akuandikishe wewe kama mkono wake unatetemeka, halafu utafsiri. Asifupishe, na aweke jina la stesheni yake. Nitamjibu.

Baba yako
Nkuhungu, Dodoma