Wasomaji Wanauliza: Mtoto, mapovu na fuvu

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nimeona mtandaoni picha ya zamani ya Uholanzi, katoto kako uchi kanapuliza mapovu ya sabuni huku kameegemea fuvu la mtu. Hivi ni mambo ya uchawi au? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Nzuri ndugu yetu, na hapana, uchawi haupo kabisa. Hiyo ni ya Hendrick Goltzius, mchonga picha wa mji wa Haarlem, ya 1594, na chini kaandika kwa Kilatini "Quis evadet?", yaani nani atanusurika? Povu linang'aa kidogo tu linapasuka, na uhai wetu ndo hivyo hivyo. Tatizo watu wakiposti wanakata yale maandishi ya chini, sasa ni sawa na kukata jina la kanga, umebaki na maua tu ujumbe hujui.

Af picha kama hizi zilikuwa zinachongwa kwenye bamba la shaba, unapaka wino, unagandamiza karatasi, nakala zinatoka kibao, kwahiyo hata asiye na hela ya mchoro wa rangi aliweza kupata yake.

Mi inayonigusa zaidi ni Sinnepoppen, kitabu cha picha zenye misemo cha Roemer Visscher kilichotoka Amsterdam 1614, maana humo anafundisha kwa vitu vya nyumbani kabisa. Kuna kitana, maneno yake yanasema kinasafisha na kupamba. Kuna maua ya tulipu, na juu yake kaandika kwamba mjinga na hela zake hawachelewi kuachana, na hiyo ni 1614 jamani, bei za tulipu zilikuja kupaa vibaya mno mpaka zikaporomoka Februari 1637! Baadaye 1694 Jan Luyken na mwanae Caspar wakatoa picha za kazi 100, mwokaji mikate, mfumaji, kila moja na shairi lake la kumrudisha mtu kwa Mungu.

Ila usilazimishe fundisho kila mahali. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana, Eddy de Jongh alitafuta sana maana zilizofichika kwenye sanaa ya Waholanzi, halafu 1983 Svetlana Alpers akaja kusema wale watu walipenda tu kuangalia dunia na kuichora ilivyo. Kwa maoni yangu penye maandishi yafuate maandishi, pasipo na maandishi, mama wa kwenye picha anayemenya matufaha mwache amenye matufaha yake.